Utepe wa Mutuba

Kaka yangu Ssemugenyi alilinda lango Baghdadi miaka minne.
Akarudi Kibinge na sanduku la bati, goti bovu,
na habari za Sakiusa, Mfiji,
mpana kama mlango wa kanisa,
aliyekaa naye zamu za usiku
bunduki mapajani, akisimulia kisiwa.

"Kwao chifu havikwi taji," alituambia.
"Chifu hunyweshwa."
Mizizi ya yaqona hupondwa, hukamuliwa
katika bakuli la mti lenye miguu mingi,
kisha kifuu kimoja hupelekwa kwake, taratibu,
watu kimya, watoto kimya, hata mbwa.
Akikimaliza wanapiga makofi, viganja vimekunjwa,
mlio mzito, kama matone ya kwanza
juu ya majani ya mgomba.
Ndipo hufungwa utepe wa gome mkononi,
na kuanzia hapo ardhi na yeye
wanaitikia jina moja.

Baba alikuwa juu ya gogo lake, akipiga.
"Gome gani?"
"La mti, baba. Linapigwa kwa nyundo za mbao kama zako.
Ila lao ni jeupe."
Baba akaweka nyundo chini.
Sijawahi kumwona akiacha gome likiwa bichi.
"Na nani hulipiga?"
"Wanawake."
Baba akaokota nyundo.

Alitutoka msimu wa senene,
taa zikiwaka vilimani, watu na mapipa yao.
Siku ya kuondoa matanga ukoo ukakaa,
ukamtaja Ssemugenyi mrithi,
na mimi, Perepetwa, lubuga wake,
dada wa kusimama kando.
Kando. Nililala na neno hilo
kama mtu aliyelala na punje ya mchanga jichoni.

Maana kulikuwa na jambo jingine la Sakiusa,
kaka alilisema mara moja tu, akivua viatu:
huko kuna ukoo ambao kazi yake ni kumfanya chifu.
Wao hawawi, hawajapata kuwa.
Lakini mikono yao isipomgusa,
mtu ni mtu tu,
hata awe na damu ya mababu sabini.

Nikaamka. Kipande cha mutuba kilikuwa kimebaki
chini ya majani, bado kina unyevu.
Nikachukua nyundo ya baba, ile yenye mifereji myembamba,
nikapiga hadi jogoo wa pili.
Sauti ile kijiji kizima kinaijua.
Hakuna aliyekuja.
Nadhani walidhani ni yeye.

Asubuhi wakamvika Ssemugenyi lubugo begani,
wakampa mkuki, wakamsimamisha mlangoni.
"Ukila, lisha," wakamwambia.
"Ukisikia kilio usiku, usiulize ni cha nani."
Goti lake lilikuwa linatetemeka. Mimi niliona,
nilikuwa kando.

Nikatoa utepe.
Mzee Lwebuga akakunja uso: "Hiki nini? Hiki si chetu."
Kaka hakusema kitu. Alinyoosha mkono
kama mtoto anayepimwa shati la Krismasi.
Nikafunga. Fundo halikuwa zuri.
Upande mmoja gome ni nene,
pale nilipochoka.

Wakampa tonto katika kibuyu.
Akanywa mpaka mwisho, shingo ikipanda na kushuka,
na ua wote ukanyamaza bila kuambiwa.
Nikakunja viganja vyangu vyenye malengelenge,
nikapiga mara moja.
Iliuma.
Shangazi akapiga. Kisha mtoto fulani, akicheka.
Kisha sikuweza tena kuhesabu.

Mti tuliouchuna tumeufunga majani ya mgomba,
kama kidonda kinavyofungwa.
Mwakani utavaa gome jipya.
Nyundo zimo chini ya kitanda changu.
Mpaka leo hakuna aliyeziulizia.